Lenzi haina kosa: dhana potofu kuhusu kupiga picha Kanisa Kuu la Mtakatifu George, Addis Ababa

"Kaka, lenzi yangu inapindisha majengo. Niuzie nyingine." Maneno haya nayasikia kila mara, na ushahidi ambao mteja ananionyesha kwenye simu mara nyingi ni uleule: Kanisa Kuu la Mtakatifu George, Addis Ababa, limepigwa haraka wakati wa kusubiri ndege ya kuunganisha. Kuta zimeinamiana kwa juu, msalaba umerudi nyuma kana kwamba kanisa linataka kulala chali, na pembeni kuna nusu ya daladala ya bluu na nyeupe. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja.

Lenzi haipindishi kuta. Kinachopindisha ni mkono ulioinua simu. Mistari iliyosimama ya jengo hubaki imesimama kwenye picha ilimradi sensa, yaani kile kibamba ndani ya kamera kinachopokea mwanga, nayo imesimama wima kama ukuta wenyewe. Ukiinua simu ili msalaba uingie, sensa inalala. Sehemu ya juu ya kanisa inakuwa mbali nayo kuliko ya chini, na kilicho mbali huonekana kidogo. Ndiyo maana kuta zinakutana juu. Ungefanya hivyohivyo na lenzi ya bei ya gari, zingekutana vilevile.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo watu wanapopotea. Simu nyingi zina lenzi kuu inayolingana na milimita 24 hivi (namba ikipungua, lenzi inaona eneo pana zaidi). Ukiishika wima bila kuiinamisha hata kidogo, inaona juu ya usawa wake takriban robo tatu ya umbali uliosimama. Simama mita 40 kutoka ukutani, utafika karibu mita 30 kwenda juu. Huna nafasi ya kurudi nyuma kwa sababu ya uzio, miti ya uani na barabara? Tumia ile lenzi pana ya milimita 13, hiyohiyo inayolaumiwa kila siku: ukiwa mita 20 tu, inaona hadi mita 26 juu yako. Sharti ni moja, usiinamishe. Nusu ya chini ya picha itajaa lami na viatu vya wapita njia, na hapo ndipo watu wanapoogopa na kuinua simu tena. Acha ijae. Nyumbani utaikata. Picha ya pikseli milioni 12 ukiikata theluthi bado inatosha kuchapishwa na kutundikwa ukutani.

Washa gridi, ile mistari ya kuongozea kwenye kioo, kwenye kamera. Simu nyingi za sasa zina pia mstari wa usawa unaobadilika rangi simu ikikaa sawa. Fundi muashi hasimamishi ukuta bila pimamaji; na wewe usiupige picha bila hiyo. Mstari wa ukingo wa jengo ukiwa sambamba na mstari wa gridi, bonyeza. Usipokuwa sambamba, sogeza mkono, usisogeze pochi.

Najua jibu linalofuata: "Nitainyoosha kwa programu." Kwa mwinamo mdogo, sawa. Kwa mwinamo wa wale wanaosimama chini kabisa ya ukuta, programu inalazimika kuivuta sehemu ya juu ya picha ili kuta ziachane. Pikseli za juu ni zilezile chache, sasa zimetandazwa. Madirisha ya juu yanakuwa na ukungu, paa linarefuka kuliko lilivyo, na kingo mbili za picha zinakatwa. Mara nyingi kinachokatwa ni kona ya kanisa yenyewe.

Na kona za kanisa hili si za kupoteza. Lina pembe nane. Lilijengwa kuadhimisha ushindi wa Ethiopia dhidi ya Italia huko Adwa mwaka 1896, likachomwa moto na Waitaliano mwaka 1937, likakarabatiwa baada ya ukombozi wa 1941. Humo ndimo malkia Zewditu alimotawazwa mwaka 1917 na Haile Selassie mwaka 1930. Inaniuma kuliona limepigwa kama ghala la mstatili. Ukisimama mahali pazuri unaona nyuso tatu kwa mpigo, na kila uso umegeuka nyuzi 45 kutoka kwa jirani yake. Jua likitoka ubavuni, uso mmoja unang'aa, wa pili unakuwa wa kati, wa tatu unaingia kivulini, na umbo linasimama. Jua likiwa mgongoni kwako, nyuso zote zinafanana na pembe zinafutika.

Kwa hiyo dhana ya kwamba mchana wa jua kali ndio mwanga bora wa majengo haina msingi hapa. Addis iko nyuzi 9 tu kaskazini ya ikweta. Hata Desemba jua la adhuhuri linapanda zaidi ya nyuzi 57, na katikati ya Aprili linapita utosini kabisa. Vivuli vya mapaa vinazifunika kuta na madirisha yanakuwa mashimo meusi. Nenda saa 1 asubuhi au saa 11 jioni. (Waethiopia huhesabu saa kama sisi, kuanzia macheo, kwa hiyo ukimuuliza mlinzi saa ngapi lango linafunguliwa, usijumlishe sita.) Ukitaka ile bluu ya baada ya machweo, uwe umeshajipanga, kwani inakaa dakika 20 hivi tu.

Dhana nyingine: "Subiri watu waondoke, au weka filta nyeusi ya kupunguza mwanga uache shata, kilango cha mwanga cha kamera, wazi sekunde 30, wote watatoweka." Anayetembea atatoweka. Mama aliyejifunga netela, shuka jepesi jeupe, na kuegemeza paji la uso ukutani akiomba, yeye hatoki pale. Na kwa nini atoke? Yeye ndiye anayemwonyesha mtazamaji ukubwa wa ukuta. Pima mwanga kwenye shuka lake ili weupe usiungue, na kama uso wake unatambulika, muombe kwanza, akimaliza sala. Kila tarehe 23 ya mwezi wa Kiethiopia ni siku ya Mtakatifu George, ua unajaa. Ukitaka ua mtupu usichague siku hiyo.

Flashi ndani ya kanisa haisaidii. Umbali ukizidi mara mbili, mwanga unaofika ni robo. Utaangaza mgongo wa mtu wa mbele, huku michoro ya msanii Afewerk Tekle ikibaki gizani. Zima flashi, egemea nguzo, pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga.

La mwisho ni "kanisa ni mahali pa umma, huhitaji ruhusa." Ni nyumba ya ibada. Ndani ya ua kuna makumbusho. Anzia hapo, uliza utaratibu wa kamera, na tripodi, ile stendi ya miguu mitatu, uitaje kwa jina kabla hujaifungua. Viatu huvuliwa mlangoni, wanawake hujifunika kichwa. Ibada ikiwa inaendelea, kamera ibaki begani mpaka waumini watoke.