Je, wajua kwa nini picha za mwezini za mwaka 1969 zilikuwa na ukungu?

Mwaka 1969 haukuwa na uhaba wa habari. Machi, ndege ya Concorde iliruka kwa mara ya kwanza. Agosti, umati ulifurika tamasha la muziki la Woodstock. Lakini kinachokumbukwa kuliko vyote ni kivuli cha Neil Armstrong kikishuka ngazi mwezini, tarehe 20 Julai kwa saa za Marekani. Mbona kivuli? Televisheni za wakati ule zilionyesha sura za watu vizuri tu.

Shida ilianzia kwenye redio. Eagle, chombo kilichowatua mwezini, kilitumia mawimbi yale yale kupeleka duniani sauti za wanaanga, mapigo ya mioyo yao, vipimo vya mitambo na picha. Nafasi iliyobaki kwa picha ilikuwa kilohezi 500 hivi, ilhali televisheni ya kawaida ya Marekani ilitaka zaidi ya megahezi 4, yaani kilohezi 4,000. Ndiyo maana kamera iliyotengenezwa na Westinghouse ilituma picha 10 kwa sekunde zenye mistari 320, badala ya picha 30 zenye mistari 525.

Televisheni ya nyumbani isingeweza kuzisoma picha za namna hiyo. Vituo vya kupokea vikazigeuza kwa njia ambayo leo ingemshangaza fundi yeyote: picha ilionyeshwa kwenye kioo cha televisheni, kamera ya pili ikaelekezwa kwenye kioo hicho, kisha diski ya sumaku ikairudia kila picha hadi ijaze nafasi ya picha tatu. Hapo ndipo uharibifu mkubwa ulipotokea. Kila hatua ilipunguza ung'avu na kuongeza chengachenga, na kwa kuwa picha moja ilirudiwa, mwili uliosogea uliacha mzuka nyuma yake.

Marekebisho ya mtambo nayo yalikuwa na uzito wake. Picha ya kituo cha Goldstone, California, ilianza ikiwa juu chini, kwa sababu kamera ilifungwa kichwa chini ubavuni mwa chombo na swichi ya kuipindua ilikuwa haijabonyezwa. Hata ilipopinduliwa, weusi ulizidi mno. Houston, makao ya kuongoza safari, ikahamia kituo cha Honeysuckle Creek, Australia, na hatua ya kwanza ya Armstrong ikaonekana kupitia huko. Dakika chache baadaye Houston ikachukua picha za Parkes, kituo kingine cha Australia chenye dishi la mita 64, hadi mwisho.

Zile picha maridadi za rangi zinazosambaa leo ni jambo jingine kabisa: zilipigwa kwa filamu na kusafishwa baada ya wanaanga kurudi.

Kinachouma ni kwamba kanda zilizohifadhi mawimbi asilia, kabla ya kugeuzwa, hazipo tena. Mwaka 2009 NASA ilieleza kuwa huenda zilifutwa ili zitumike upya, kisha ikasafisha kwa kompyuta nakala za matangazo ya televisheni. Picha iliyo safi zaidi waliiona mafundi wachache tu, waliokaa mbele ya vioo vya vituoni usiku na mchana ule.