Je, wajua kwa nini dumu la asali ya Tabora ni zito kuliko dumu la mawese ya Kigoma?

Chukua madumu mawili ya lita 20 yanayofanana. Moja lijaze asali iliyorinwa Sikonge, Tabora, jingine mawese yaliyokamuliwa Kigoma, kisha yapandishe mzanini. Ukitoa uzito wa dumu tupu, asali itakuwa na takriban kilo 28, mawese takriban kilo 18. Ujazo ni uleule, lakini uzito umepishana kwa kilo 10.

Lita hupima nafasi ambayo kitu kinachukua. Kilo hupima wingi wa kitu chenyewe. Ili kutoka lita kwenda kilo unahitaji densiti, yaani lita moja ya kitu hicho ina kilo ngapi. Kwa maji jibu ni 1, na lilipangwa liwe hivyo: Wafaransa walipounda mfumo wa metriki mwishoni mwa karne ya 18, waliifanya kilo iwe sawa na lita moja ya maji. Ndiyo maana lita 20 zilizochotwa Ziwa Tanganyika zina kilo 20, pungufu kidogo sana. Nadhani mazoea haya ya kubeba maji ndiyo yanayotufanya tuamini kwamba lita ni kilo kwa kila kimiminika.

Asali ni sukari kwa takriban asilimia 80, na sukari hiyo imeyeyuka katika maji machache. Molekuli zake ni nzito na zimebanana, hivyo lita moja ya asali iliyokomaa ina takriban kilo 1.42. Mawese yameundwa kwa minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni, isiyobanana hivyo. Lita moja ina takriban kilo 0.91. Ndiyo maana mafuta huelea juu ya maji, na asali huzama.

Hapa pana fedha za watu. Tuseme bei ya asali ni shilingi 10,000 kwa kilo. Mfugaji nyuki akilipwa dumu lake kama "kilo 20", anapokea 200,000, wakati mzani ungempa kama 280,000. Kazi ya kukwea miti usiku na kuumwa na nyuki haistahili kupotea hivyo. Kwa mawese hasara humwangukia mnunuzi: anayelipia kilo 20 na kupewa lita 20 amepunjwa karibu kilo 2.

Joto nalo lina sehemu yake. Mawese yakipata nyuzi 15 zaidi, lita 20 huongezeka kwa takriban robo ya lita au pungufu kidogo, ila uzito haubadiliki. Lita iliyopimwa mchana wa jua kali ina mafuta machache kuliko ya alfajiri.

Kwa dagaa wakavu au chumvi ya Uvinza inayopimwa kwa kisado, hakuna namba moja ya kuaminika, kwa sababu kati ya punje na punje kuna hewa. Ukitikisa chombo, kilichomo hushuka. Hapo mzani ndio mwamuzi.

Kwa asali unaweza kujipimia nyumbani. Pima chupa tupu, ijaze maji hadi alama fulani na upime tena, kisha ikaushe vizuri na uijaze asali hadi alama ileile. Toa uzito wa chupa, halafu gawanya uzito wa asali kwa uzito wa maji. Gramu 710 za asali kwa 500 za maji ni 1.42, asali nzuri. Ukipata 1.35, ina maji mengi na itachacha upesi. Lakini aliyechanganya sharubati nzito ya sukari hatakamatwa kwa njia hii, kwa kuwa densiti yake inaweza kulingana na ya asali. Huyo hugunduliwa maabara.