"Mbona Unatembea Vizuri?" Dhana potofu kuhusu goti lililochanika na kurudi uwanjani

Tangu goti langu la kulia lichanike kano, hapa Bagamoyo watu hawaniulizi sana kama nimepona. Wananiuliza, "Mbona unatembea vizuri, huchezi kwa nini?" Muuza mihogo kaniuliza, bodaboda wa stendi kaniuliza, wiki iliyopita kaniuliza mtoto wa darasa la pili. Nyuma ya swali hilo kuna dhana chungu nzima, na nyingi niliziamini mwenyewe kabla hazijanitia hasara.

"Nani alikuumiza?"

Hakuna. Nacheza netiboli, namba yangu senta. Nilidaka pasi hewani, nikatua kwa mguu mmoja, kiwiliwili kikageuka kumtafuta mfungaji, goti likabaki palepale. Likalia ko! kama kipande cha muwa kinavyovunjwa. Wengi wanadhani kano ya msalaba ya mbele, ile inayozuia mfupa wa ugoko usiteleze mbele ya mfupa wa paja, hukatwa na rafu. Kwa kweli karibu saba katika kila kumi hukatika bila mtu kuguswa: kutua vibaya, kukata kona, kusimama ghafla. Na netiboli haikuruhusu kutembea na mpira. Ukidaka, unafunga breki hapohapo. Wanawake ndio tunaoumia zaidi, kama mara mbili hadi tatu ya wanaume wanaocheza mchezo uleule.

"Likichuliwa likiwa bado moto, linarudi"

Usiku ule bibi yangu alikuwa ameshabandika maji ya chumvi jikoni. Nani atamkatalia bibi? Akanikanda, akanichua kwa mafuta, nami nimeuma khanga. Alfajiri goti lilikuwa kama dafu. Goti likichanika, mishipa midogo ya damu nayo hupasuka na kuvujia ndani. Joto na kuchua katika siku mbili tatu za mwanzo huzidisha huo uvimbe. Kinachofaa ni kulifunga bandeji isiyobana mno, kuliinua juu ya mto, kupunguza uzito juu yake, na kwenda hospitali likapimwe. Barafu hutuliza maumivu, basi. Gabe Mirkin, daktari wa Marekani aliyeeneza kanuni ya barafu na mapumziko mwaka 1978, aliandika mwenyewe mwaka 2014 kwamba viwili hivyo vinaweza kuchelewesha kupona. Kumbe hata waganga wa barafu hukosea.

"Kunywa kongoro, linanata"

Supu ya kongoro ni tamu, sina ugomvi nayo. Lakini ule mnato hauendi moja kwa moja gotini. Tumbo huuvunjavunja kama linavyovunja chakula kingine. Msuli uliosinyaa unataka protini ya kutosha kila siku, takriban gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili. Kwa mtu wa kilo 65 ni kama gramu 104. Yai moja lina kama gramu 6, kwa hiyo hesabu yenyewe inakupeleka kwenye dagaa, samaki na maharage.

"Maumivu yameisha, umepona"

Hapa ndipo nilipoponzeka. Nilifanyiwa upasuaji Dar es Salaam, wakanitengenezea kano mpya kutoka kwenye kano ya msuli wangu mwenyewe wa nyuma ya paja. Mwezi wa tano baada ya upasuaji nilikuwa napanda ngazi, nakimbia polepole, siumwi popote. Kukawa na bonanza. Kiongozi mmoja akasema nichomwe sindano ya maumivu, nicheze robo moja tu. Nilicheza dakika tisa. Goti likajaa maji, nikarudi nyuma wiki sita.

Sikujua kwamba kano iliyopandikizwa hudhoofika kwanza katika miezi ya mwanzo, wakati mwili unaipenyezea damu na kuijenga upya, ndipo ianze kuimarika. Maumivu huondoka mapema, kano ikiwa bado changa. Ukiua maumivu kwa sindano unamziba mdomo mlinzi wa geti, mwizi hujamfukuza. Utafiti uliofanywa Norway na Marekani ukatolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba, mpaka kufikia mwezi wa tisa baada ya upasuaji, kila mwezi mmoja uliocheleweshwa kurudi mchezoni ulipunguza kuumia tena kwa asilimia 51. Mwezi mmoja tu!

Wazee wa kijiweni hupenda kunitajia Ronaldo wa Brazil: "Yule mbona alirudi akachukua Kombe la Dunia?" Alirudi, ndiyo, mwaka 2002, na mabao 8. Wanachoruka ni Aprili 2000, aliporudi kama miezi mitano baada ya kuumia goti, akacheza dakika saba hivi dhidi ya Lazio, goti likaachia bila kuguswa na mtu. Yake ilikuwa kano nyingine, ile ya chini ya pia ya goti, lakini haraka ni ileile.

"Bila upasuaji huchezi tena"

Si lazima. Sweden waliwafuatilia vijana 121 waliokatika kano hiyo, matokeo yakatoka mwaka 2010. Kati ya 59 walioanza na mazoezi ya tiba peke yake, 23 ndio waliokuja kuhitaji upasuaji ndani ya miaka miwili. Ila kama goti linakukatikia ukigeuka, na mchezo wako ni wa kugeukageuka, zungumza na daktari wa mifupa. Soksi ya goti ya dukani haitashika nafasi ya kano, hata ukivaa mbili.

"Kakimbie pwani, mchanga ni dawa"

Hii ni ya kwetu hasa. Jioni ufukweni, kuanzia soko la samaki kwenda mbele, vijana wanafukuzana na kupiga sarakasi. Mchanga mkavu haugongi mguu sana, ni kweli, lakini unayumba, na kuukimbilia kunakula nguvu kama mara 1.6 ya ardhi ngumu. Goti changa linalotafuta kutulia halitaki hilo. Maji yakipwa, mchanga uliolowa huwa mgumu, ila ufukwe umeinama. Nenda na rudi, usielekee upande mmoja tu. Mimi nilianza baharini kabisa, kidonda cha upasuaji kikiwa kimeshafunga: ukisimama maji ya kiuno, miguu hubeba kama nusu ya uzito wako. Wavuvi walinicheka wiki ya kwanza. Ya pili wakanizoea.

"Wewe muoga tu"

Woga ni sehemu ya jeraha. Utafiti uliokusanya maelfu ya waliofanyiwa upasuaji huu, uliotolewa mwaka 2014, ulikuta asilimia 65 ndio waliorudi kwenye kiwango chao cha zamani, na kutojiamini ni moja ya sababu za wengine kutorudi. Kumwita mtu muoga hakumwongezei msuli wala imani. Kinachoongeza ni kuona namba.

Namba zangu zinapimwa kwa futi ya shangazi, fundi cherehani, barazani kwake penye sakafu ya simenti. Dada wa fiziotherapia ndiye aliyetuelekeza: ruka mara tatu kwa mguu mmoja, utue bila kuyumba, chukua umbali mrefu zaidi, kisha mguu mwingine. Ulioumia ufikie walau asilimia 90 ya mzima. Si kipimo pekee. Kuna nguvu ya msuli wa mbele ya paja, kuna uvimbe, kuna miruko ya kukata pembe, na mguu mzima nao hulegea kwa kukaa, kwa hiyo asilimia inaweza kukudanganya. Lakini hiki tunakiweza nyumbani.

Juzi, mwezi wa tisa tangu upasuaji unaingia, nikaruka. Kushoto sentimita 142. Kulia 118. Shangazi akaandika ukutani kwa chaki ya kukatia nguo, akapiga hesabu kwenye simu: asilimia 83. Nilikuwa nimeshavaa raba, timu inanisubiri.

"Bado sentimita kumi, mwanangu," akasema, akaizungusha futi shingoni mwake. "Vua hizo raba, uje unishikie kitambaa hiki."