Povu gumu halimezi sauti eti kwa sababu tu ni povu

Wengi hubandika ukutani lile povu gumu jeupe linalokuja ndani ya katoni ya televisheni, wakiamini mwangwi utakwisha. Hauishi. Vijishimo vyake vimefungwa, kila kimoja peke yake. Hewa haipenyi, na sauti ni hewa inayotikisika, hivyo sehemu kubwa hurudi chumbani. Sponji ya godoro ni tofauti: matundu yake yameungana, hewa hujisugua humo na mtikisiko hugeuka joto, dogo mno kulihisi. Ndiyo maana watafiti huchanganya unga au nyuzi za mbao kwenye poliyurethani ngumu, povu gumu la aina nyingine, kabla haijaumuka: chembe hizo huweza kupasua kuta za vijishimo na kufungua njia. Zikizidi, povu humeguka ovyo. Na besi, yaani sauti nzito za chini? Hiyo hudai unene wa povu.