Kongamano la Nasaba Lisilotaja Kwenu: Uende Kufuata Nini?

Kila mwaka unapokaribia mwisho wa Februari hupokea swali lile lile kutoka kwa watu ninaowasaidia kutafuta nasaba zao. Wamesikia kwamba RootsTech, kongamano kubwa la historia ya familia linalofanyika Salt Lake City nchini Marekani, linaweza kufuatiliwa kwa intaneti bila malipo. Wamefungua ratiba, wamepekua mada moja baada ya nyingine, wameiona Ireland, Poland na Uskochi, lakini Pangani hawakuiona, wala Lamu, wala Ujiji. Ndipo wanaponiuliza: "Mwalimu, sasa sisi tukae kusikiliza habari za vijiji vya Wairishi ili tupate nini?"

Swali ni la haki, na mimi mwenyewe niliwahi kulijibu vibaya. Mwaka 2021, kongamano hilo lilipohamia mtandaoni lote kwa sababu ya janga la UVIKO-19, nilitafuta kila kipindi chenye neno Afrika, nikavisikiliza vyote mpaka usiku wa manane, kisha nikafunga kompyuta daftari langu likiwa karibu tupu. Kosa halikuwa la watoa mada, kwa maana vipindi vile viliandaliwa kwa ajili ya anayeanza, nami sikuwa ninaanza. Tangu mwaka uliofuata nimekuwa nikichagua kipindi kwa kuangalia tatizo linalotatuliwa ndani yake, nchi iwe nchi yoyote, na sehemu kubwa ya yale yaliyonisaidia kusoma hati za pwani nimeyapata kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga pwani.

Nianze na majina. Programu nyingi za kuchora shajara ya ukoo zimeundwa na watu ambao jina la ukoo kwao hurithiwa kutoka kwa baba hadi mtoto bila kubadilika, kwa hiyo humlazimisha mtumiaji kujaza kisanduku cha jina la ukoo. Kwetu, Juma bin Hamisi ni Juma, na Hamisi ni baba yake. Mwanawe Juma ataitwa bin Juma, na kile kisanduku kitapokea jina jipya katika kila kizazi. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikijaza jina la baba mahali pa jina la ukoo, na matokeo yake ni kwamba programu iliwahesabu baba, mwana na mjukuu kuwa watu wa koo tatu tofauti, huku ikinipendekezea undugu na kila Hamisi aliyewahi kuandikishwa kutoka Kilwa hadi Mombasa. Aliyenitoa huko ni mtoa mada aliyekuwa akieleza majina ya Norwei. Wanorwei nao walikuwa wakiitana kwa jina la baba, mwana wa fulani na binti wa fulani, na kuongeza jina la shamba walilokaa, hadi sheria ya mwaka 1923 ilipowataka wawe na jina la ukoo lisilobadilika. Mtu akihama shamba, hilo jina la shamba nalo lilibadilika. Ushauri wake ulikuwa mwepesi: kisanduku cha jina la ukoo kiache wazi, jina la baba liandike kama sehemu ya jina la mtu, na jina la mahali liweke kwenye maelezo pamoja na mwaka lilipotumika. Nilibadili shajara nzima kwa wiki mbili, na nisba zetu, yaani majina ya asili au kabila kama Al-Barwani na Shirazi, nikazitenga mahali pake badala ya kuzichanganya na majina ya baba.

Mfano wa pili unanigusa zaidi, kwa hiyo nitakaa nao kidogo. Katika ukoo wa mama yangu kuna karatasi mbili za Pangani zilizoandikwa kwa Kiswahili katika herufi za Kiarabu: moja ni ya ndoa na nyingine ni ya kuzaliwa mtoto wa kwanza wa ndoa hiyo. Mjomba wangu alizinakili zamani kwenye daftari la shule. Kwa mujibu wa daftari, ndoa ilifungwa tarehe 5 mwezi wa nne mwaka 1330, na mtoto alizaliwa mwezi wa tatu mwaka huo huo. Nami, nikijiona mjuzi, nilihesabu mwezi wa nne kuwa Rabiul Akhar na wa tatu kuwa Rabiul Awwal, nikapata ndoa ya Machi 1912 na mtoto aliyezaliwa takriban mwezi mmoja kabla yake. Wazee walipouliza utafiti umefika wapi, nilisema bado. Kwa muda wa miaka miwili sikumwonyesha mtu yeyote ukurasa ule.

Kipindi kilichoniokoa kilihusu kalenda ya Uingereza. Mwaka 1752 Waingereza waliiacha kalenda ya zamani na kuingia katika mpya, hata tarehe 2 Septemba ikafuatiwa na tarehe 14, na mwaka wao wa kisheria, ambao ulikuwa ukianza tarehe 25 Machi, ukahamishiwa Januari mosi. Mtoa mada alionyesha daftari la parokia ambamo mtoto amezikwa mwezi Februari mwaka 1720, ilhali amebatizwa mwezi Novemba mwaka huo huo wa 1720, kisha akatuuliza kasoro iko wapi. Hakuna kasoro: katika hesabu yao, Februari hiyo ilikuja baada ya Novemba. Alisema kwamba kabla ya kuuliza tarehe ni ipi, mtu aulize kwanza mwandishi wa hati alianza kuhesabu mwaka wake wapi.

Nilisimamisha video. Mswahili wa zamani aliianzia wapi miezi yake? Aliianzia baada ya Ramadhani, alipofungua: Shawwal ni Mfunguo Mosi, Dhulkaada ni Mfunguo Pili, Dhulhijja ni Mfunguo Tatu, na Muharram, ambao ndio mwezi wa kwanza wa mwaka wa Kiislamu, ni Mfunguo Nne. Asubuhi yake nilimpigia simu binamu yangu anayezihifadhi karatasi zenyewe, nikamwomba azipige picha. Neno "mfunguo" lilikuwepo katika hati zote mbili, limeandikwa wazi kabisa. Mjomba alilifupisha kuwa "mwezi wa" kwa sababu kwake yeye maana ilikuwa ile ile. Tarehe 5 Mfunguo Nne 1330 huangukia 26 Desemba 1911, ukizidisha au kupunguza siku moja kwa kuwa mwezi huandama kwa kuonekana. Mfunguo Tatu wa mwaka huo ni Novemba 1912 na siku chache za Desemba. Mtoto alizaliwa karibu miezi kumi na mmoja baada ya ndoa, na bibi mzaa bibi yangu hakuwa na la kuficha. Ni mimi niliyekuwa nalo.

Ndiyo maana siku hizi nikiona kipindi kinahusu kalenda, mizani, sarafu au namna makarani walivyofunzwa kuandika, naingia hata kama ni cha Hungaria.

Kuna vipindi vingine ambavyo uhusiano wake na kwetu ni wa karibu zaidi kuliko kichwa cha mada kinavyoonyesha. Wamarekani weusi wanaotafuta wazee wao huzungumzia ukuta wa mwaka 1870, kwa sababu sensa ya mwaka huo ndiyo ya kwanza iliyowaandika kwa majina wengi wa waliokuwa watumwa. Orodha za watumwa za 1850 na 1860 zilitaja jina la mmiliki, na chini yake umri, jinsia na rangi ya watu wake tu. Mbinu yao ya kuuvuka ukuta huo ni kuacha kumtafuta mtumwa kwa jina lake na kuanza kufuata karatasi za mmiliki: wosia, mirathi, rehani za shamba, mauziano. Nilipoisikia mara ya kwanza nilifikiria Unguja na Pemba, ambako amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya tarehe 6 Aprili 1897 iliondoa hadhi ya utumwa mbele ya sheria, lakini mtu alitakiwa aende mwenyewe kuomba uhuru wake, naye mmiliki akaweza kudai fidia. Palipo na fidia pana karatasi, na karatasi huwa na majina ya pande zote mbili. Ila masuria waliwekwa kando katika amri hiyo hadi mwaka 1909, kwa hiyo anayemtafuta bibi aliyekuwa suria asishangae akimkosa katika orodha za mwanzo. Amtafute katika mirathi ya bwana wake, mahali watoto wake wanapotajwa. Niongeze kwamba jambo hili huulizwa kwa adabu. Wapo wazee wanaojua kila kitu kuhusu asili ya nyumba yao na wasitamke neno mbele ya kinasa sauti, na hiyo ni haki yao.

Kuhusu vinasaba nitasema machache, kwa kuwa vipindi vyake ni vingi na baadhi hutolewa na wauzaji wa vipimo. Tafuta vile vinavyoeleza jamii ambazo watu wake wameoana wao kwa wao kwa vizazi vingi. Mara nyingi mfano utakaotolewa ni wa Wayahudi wa Ulaya Mashariki, lakini familia nyingi za pwani zenye asili ya Hadhramaut, Oman na Ngazija zimo katika hali hiyo hiyo. Watoto wa ndugu wawili hushiriki kwa wastani asilimia 12.5 ya vinasaba vyao. Ikiwa ndugu wawili wa kiume wameoa dada wawili, watoto wao hushiriki asilimia 25, sawasawa na watu waliochangia baba wakatofautiana mama. Kipimo kitakuambia mmekaribiana. Ni njia ipi iliyowakaribisha, hilo utaambiwa na shajara iliyochorwa vizuri, na asiyejua tofauti hiyo anaweza kuzusha fitina ndani ya nyumba.

Semina ndogo za siku moja nazo zisidharauliwe. Ile iliyonifaa kuliko zote ilifundisha kitu kimoja tu, mwandiko wa Kijerumani wa kale, ambamo herufi "e" inafanana sana na "n" na "u" huwekewa kikombe kidogo juu yake ili isisomwe "n". Anayetafuta wazee wa Kilimanjaro katika karatasi za Misheni ya Leipzig, iliyoanza kazi huko mwaka 1893 na ambayo nyaraka zake zimehifadhiwa Halle, au anayesoma nyaraka za utawala wa Wajerumani zilizopo Dar es Salaam, hawezi kusonga mbele bila kuujua. Habari njema ni kwamba makarani wengi walikuwa na desturi ya kuyaandika majina ya kigeni kwa herufi za Kilatini tulizozizoea, hivyo jina la babu linaweza kujitokeza kama taa katikati ya ukurasa ambao mengine yote ni giza. Kazi inayobaki ni kusoma kitenzi kilicho mbele yake, ujue alibatizwa, alitozwa faini au alifariki.

Sasa maandalizi. Nilipokwenda Salt Lake City kwa mara ya kwanza nilibeba faili nene la kilo tatu, nikalipeleka kwenye maktaba ya FamilySearch, shirika la nasaba linaloandaa kongamano hilo; maktaba hiyo iko hatua chache kutoka ukumbi wa mikutano na huingiwa bure. Mzee mmoja wa kujitolea alinipokea mezani, akalitazama faili bila kuligusa, akaniambia: "Niambie swali lako kwa sentensi moja." Nikaanza na babu, nikaingia kwa shangazi, nikapitia Tabora, nikarudi kwa babu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipa karatasi tupu na kalamu, akaenda kumhudumia mtu mwingine. Ilinichukua dakika arobaini kuandika sentensi ile, na nilipoimaliza nilikuwa nimekwishajua hati ninayoihitaji ni ya aina gani.

Tangu siku hiyo naandaa ukurasa mmoja kwa kila kongamano: swali moja lenye jina, mahali na miaka, hati nilizokwishaziona na zilichosema, mahali nilipotafuta nikakosa. Mstari huo wa mwisho ndio wengi wanaousahau, na ndio mtaalamu anaoutazama kwanza, kwa sababu unamwambia asikurudishe ulikotoka. Pia hupakua vitini vyote mapema, hata vya vipindi ambavyo sitavihudhuria, maana kitini kizuri hutaja majina ya masijala na namna zilivyopangwa, na hayo hayachakai upesi. Kwa wanaofuatilia kutoka nyumbani, kumbukeni kwamba Utah, jimbo lenye Salt Lake City, iko nyuma yetu kwa saa kumi wakati huo wa mwaka: kipindi cha saa tatu na nusu asubuhi kwao ni saa moja na nusu usiku kwetu. Vingi hurekodiwa, lakini nafasi ya kuuliza maswali hairekodiwi kwa niaba yako.

Jambo moja kuhusu siku zinazofuata. FamilySearch ilianza kupiga picha hati kwa filamu ndogo mwaka 1938, na mwaka 2021 ilikamilisha kuzigeuza za kidijitali filamu zake zipatazo milioni 2.4, lakini picha nyingi bado hazina faharasa ya majina. Mtu hurudi kutoka kwenye kongamano akiwa na hamu, anaandika jina la babu kwenye kisanduku cha kutafutia, anakosa, anakata tamaa ifikapo Jumanne. Aingie kupitia katalogi, atafute mahali, ajaribu majina ya kikoloni ya mahali hapo pamoja na ya sasa, kisha afungue picha moja moja kama anavyofunua kurasa za daftari.

Ukurasa wangu wa safari ijayo uko tayari. Unauliza mkunga aliyetajwa katika karatasi ile ya Pangani ya Mfunguo Tatu 1330 alikuwa binti wa nani, na katika ratiba nimekwishatia alama kipindi kimoja kuhusu leseni za wakunga nchini Uswidi.