Udhalilishaji wa Kingono Kazini: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Wajibu wa Mwajiri

"Hayo ni mambo ya watu wazima wawili, kampuni haihusiki." Dhana hii ndiyo mama wa nyingine zote. Ukweli ni kwamba kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 kinauhesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kwa misingi kama ya jinsia kuwa ubaguzi, na kinamtaka mwajiri ajitahidi kuuondoa ubaguzi katika sera na taratibu zake. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zimekwenda mbali zaidi: miongoni mwa mazingira yanayoweza kuonyesha kwamba mfanyakazi alilazimika kuacha kazi, zimetaja udhalilishaji wa kingono, na papo hapo zikataja kushindwa kumlinda mfanyakazi dhidi ya udhalilishaji huo. Maneno hayo ya pili yanamgusa hata mwajiri ambaye hajamgusa mtu yeyote.

Wapo wanaojibu kwamba sera wanayo. Huenda ni kweli, imo kabatini pamoja na leseni ya biashara. Lakini chukua shamba la chai, liwe Mufindi au Rungwe, ambako msimamizi mmoja ndiye anayegawa mistari ya kuchuma, ndiye anayesoma mizani, na ndiye anayeandika majina ya vibarua wa kesho. Mchumaji akimkataa msimamizi huyo jioni, asubuhi jina lake halimo, au kilo zake zimepungua bila maelezo, na hakuna sera yoyote iliyokiukwa kwenye karatasi. Kwa hiyo kinga huanzia kwenye kuyagawa mamlaka hayo: anayepima asiwe anayepanga orodha, kila mchumaji apewe karatasi ya uzito wake, na malalamiko yapokelewe na watu zaidi ya mmoja, akiwamo mwanamke, wasio chini ya msimamizi huyo. Sanduku la maoni lililotundikwa mlangoni mwa ofisi ya mlalamikiwa ni pambo tu. Uchunguzi ukianza, anayestahili kuhamishwa kwa muda ni mlalamikiwa. Kumpeleka mlalamikaji shamba la mbali "kwa usalama wake" ni kumwadhibu kwa kusema.

Dhana nyingine humtenga kibarua wa msimu na binti aliyekuja kuomba kazi, eti kwa kuwa hawana mkataba wa maandishi. Kifungu hichohicho cha 7 kinamhesabu mwombaji kazi kuwa mwajiriwa katika suala la ubaguzi. Na mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira au cheo anatenda kosa la rushwa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, ambalo adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Hilo hupelekwa TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wala halihitaji kusubiri kikao cha ofisi.

"Alicheka tu, maana yake aliridhia." Binti aliyelelewa kumsalimu mkubwa kwa kupiga magoti, tena mwenye wadogo zake wanaosubiri mshahara huo, hawezi kutarajiwa amkemee bosi mbele za watu. Kicheko cha woga si ridhaa. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 138D kilichoongezwa mwaka 1998, inataja maneno pamoja na vitendo, hivyo utetezi kwamba "sikumshika" nao hautoshi. Wanaume pia hudhalilishwa, na sheria haikuwatenga.

Kuhusu mteja, wenye baa na nyumba za wageni kando ya barabara kuu ya kwenda Tunduma hupenda kusema kwamba mteja ni mfalme. Mfalme huyo anaweza kuonywa, kuhudumiwa na mtu mwingine au kutolewa nje. Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019, unazingatia pia ukatili unaohusisha watu wasio waajiriwa, na unagusa safari za kikazi na makazi yanayotolewa na mwajiri.

Mwisho, husemwa kwamba aliyeacha kazi mwenyewe hana tena la kudai. Kama mwajiri aliifanya kazi isivumilike, sheria huliona tukio hilo kuwa ni kuachishwa, na mfanyakazi ana siku 30 za kulifikisha kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Akionyesha dalili za kutosha za ubaguzi, mzigo wa kuthibitisha kwamba haukuwapo humwangukia mwajiri, naye ataulizwa alipata taarifa lini, na alifanya nini siku iliyofuata.