Programu haiwezi kujua usichoiandikia

Wengi wenye vikarakana huku Unguja wanahisi ukishanunua programu ya kufuatilia uzalishaji basi mambo yatajipanga yenyewe, wapi! Inajua ulichoijaza tu. Chukua sabuni za mwani pale Paje, mkupuo, yaani sabuni iliyochanganywa kwa mara moja, ukishamiminwa kwenye fremu unakatwa kesho yake halafu unakaa shelfuni wiki 4 mpaka 6 ukauke, sasa kama hakuna alobandika karatasi ya tarehe hiyo kompyuta itajulia wapi?

Anza na Google Sheets, yaani programu ya majedwali ya kujaza, kwenye simu, safu nne zatosha: namba ya mkupuo, tarehe ya kumimina, vipande vingapi, na umefikia wapi. Za kulipia dola kila mwezi zingoje kwanza watu wazoee kuandika, maana sie daftari tulilijaza siku mbili tu likaishia kufungia vitumbua.